Zamu ya Mama Halake

Jumatatu moja mwaka wa 1987, kompyuta ya mradi wa maji mjini Isiolo ilijaa. Akiru, aliyeiendesha, alipangusa vumbi kwenye kioo na kumwita mkubwa wake, Marete.

"Toa programu za zamani," Marete alisema, akikoroga chai. "Ile ambayo hakuna programu nyingine inayoitegemea, futa."

Akiru alifuta hadi akafikia ile ya zamu za kunywesha mifugo kisimani Kulamawe. Aliyeiandika alikuwa marehemu Halake, aliyekalia kiti hicho kabla yake. Halake alikuwa amezihamisha familia zote kwenye programu mpya. Jina la mama yake, Abiba, aliliacha liwe la mwisho, watu wasije wakasema anapendelea wake. Kisha akafa kabla hajamhamisha.

"Na hii? Kuna mtu anayeitegemea."

"Mtu si programu. Wee futa."

Akafuta. Katika nafasi iliyopatikana, Marete aliweka mchezo wa karata.

Alhamisi Abiba alifikisha ng'ombe wake kisimani. Hori lilikuwa limejaa. Walipoinamisha vichwa, maji yalisogea upande wa pili, yakasimama huko. Ng'ombe wa jirani yake Umuro walipokuja, yalirudi.

"Mama Halake," Umuro alisema, "wako wamefunga Ramadhani?"

"Wamefunga kwa niaba yako. Wewe hujawahi."

Watu walicheka, wakaendelea kunywesha. Mzee wa kisima, Jillo, alimshauri aende ofisini.

"Salaam aleikum," Abiba alisema mlangoni.

"Aleikum salaam, mama. Keti," Akiru alisema. Alimsikiliza, kisha akasema, "Ile programu ya zamani haiwezi kurudi."

"Basi niandike kwenye mpya."

Marete hakuondoa macho kwenye karata zake. "Mpya inataka mzee wa kisima ashuhudie kwamba unanywesha pale."

Abiba alirudi Kulamawe kwa miguu. Jillo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nakujua tangu uolewe," alisema. "Lakini mimi hushuhudia ng'ombe anayekunywa. Wako hawanywi."

Walikufa mmoja mmoja. Wa mwisho alifia kisimani, shingo yake ndani ya hori, maji yakimpita pande zote bila kumlowesha. Nyuma yake mifugo ilikuwa imepanga foleni.

"Mama, tusaidiane kumvuta kando," Umuro alisema. "Zamu yangu imefika."

Abiba alikaza leso kiunoni, akashika miguu ya nyuma.