Kitanda Kisicho na Mvungu

Keneuwe alikuwa ameshabonyeza magodoro manne alipogundua kwamba muuzaji hatazami mikono yake, anatazama mabega yake, kama mtu anayetafuta shali nyeusi. Mkononi alikuwa na kamba yenye mafundo mawili, moja la urefu wa kitanda, moja la upana. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, na ndani ya duka hapakuwa na mteja mwingine.

"Ni la msiba, mama?" muuzaji aliuliza kwa sauti ya chini.

"Msiba wa nani? Ni la kitanda."

Muuzaji, kijana mpole aitwaye Khotso, aliomba radhi. Alieleza kwamba wiki hii kina mama waliokuja peke yao kuulizia godoro jembamba la watu wawili wote walikuwa wamefiwa. Tangu Jumatatu walikuwa wamefika watano.

Kwetu nyumba ikifiwa, kitanda hutolewa chumbani na godoro hulazwa sakafuni. Mke wa marehemu, au mama yake, hukaa juu yake amejifunika blanketi mpaka siku ya kuzika. Anayepita akichungulia mlangoni na kuona godoro limelala chini haulizi kitu, anavua viatu na kuingia.

Shida ya Keneuwe ilianzia hapo. Kwa miaka tisa alikuwa msafishaji katika nyumba ya wageni mjini. Migodi ilipofungwa wageni walikatika, na mwenye nyumba naye akafunga. Siku ya mwisho alimpa kila mfanyakazi kitu kimoja na mkono wa kwaheri. Keneuwe alipata kitanda, kiunzi kipana cha msonobari, kizuri, ila hakina matendegu. Kilikaa bapa sakafuni, na kimo chake hakikufika shibiri. Mwenye nyumba alimwambia kwamba matajiri wa Johannesburg siku hizi hawataki kingine. Haya, matajiri wana raha ya kulala chini. Sisi tumemaliza maisha tukitafuta namna ya kupanda.

Kwa hiyo alitaka godoro nene, la sentimita thelathini, linyanyue kitanda kionekane kitanda. Kitanda chake cha zamani, cha chuma, mumewe Motlatsi alikiuza mwezi wa nane ili anunue betri za taa ya kichwani, kamba, na samaki wa mikebe. Motlatsi alichimba dhahabu katika shimo namba nne miaka kumi na mmoja, akiwa na namba ya kazi na kofia ya kampuni. Kampuni ilipoondoka, wanaume walirudi chini wenyewe bila kofia, na magazeti yakaanza kuwaita wahalifu. Sasa alikuwa na siku sabini na moja huko. Wiki tatu zilizopita polisi waliuzunguka mdomo wa shimo na kuzuia chakula kisishuke, wakisema njaa itawapandisha. Mtaani kulivuma kwamba Jumapili hii watatoka. Keneuwe alitaka mumewe atoke akute pa kuweka mgongo. Tena alimkumbuka vibaya sana, alikumbuka hata ule uzito wake kitandani unaomfanya mtu aviringike kwake bila kupenda.

Lile nene liliuzwa randi elfu nne na mia mbili. Keneuwe alikuwa na elfu moja na mia tatu. Fedha hiyo ilitosha sponji ya sentimita kumi na mbili, basi.

"Hilo ni elfu moja mia mbili na hamsini," Khotso alisema. Kisha akatazama mlangoni. "Lakini tuna bei ya msiba, mia saba. Unaleta karatasi yenye muhuri wa ofisi ya kata, au hata ukiandika jina hapa kwangu. Hakuna anayekagua."

"Niandike jina la nani?"

Kijana alimsogezea daftari. Wahenga walisema kufa kufaana, lakini hawakusema duka litauwekea msiba bei. Keneuwe alihesabu fedha zote juu ya meza, za unga na za mafuta ya taa zikiwemo, akalipa bei kamili. Kisha akataka risiti iandikwe kwamba godoro ni la kitanda. Khotso alisema risiti haina kawaida hiyo. Keneuwe akasimama pale pale mpaka akaandika.

Alilikunja godoro, akalifunga kwa ile kamba yake ya mafundo, akajitwisha. Njia ya kwenda mtaani inapita kwenye kibanda ambako wanaume wasio na kazi hucheza morabaraba kwa vifuniko vya chupa. Siku nyingine wangemtania, wangemwuliza anamtandikia nani. Leo walinyanyuka mmoja mmoja na kuvua kofia.

"Ni la kitanda," Keneuwe aliwaambia, ingawa hakuna aliyeuliza.

"Sawa, Mama Tumelo," alijibu mmoja, macho chini.

Mbele kidogo, mama muuza maandazi ya magwinya alitia manne kwenye karatasi, akamshikisha mkononi, akakataa malipo. Keneuwe alikuwa na njaa, akayala akitembea. Alijikuta anakaza mwendo kama mwizi.

Nyumbani aliishi na mama mkwe wake, Bibi Dikeledi, tangu binti yake Tumelo apelekwe kusoma Qwaqwa kwa shangazi. Kila kitanda alichowahi kulalia bibi huyu kilikaa juu ya matofali, kwa sababu ya yule mfupi wa usiku ambaye jina lake halitajwi, asiweze kumfikia. Jana yake walijaribu kukiinua hiki kipya kwa matofali. Chaga mbili zikapasuka, maana zilitaka zilale chini zote pamoja. Wakayatoa matofali.

Keneuwe alifungua godoro, likajinyoosha polepole juu ya kiunzi. Likameza mbao zote. Alirudi nyuma mpaka mlangoni ili akitazame kitanda chake, asikione. Aliona godoro limelala chini katika chumba kitupu.

"Umemchuria mwanangu," Bibi Dikeledi alisema. Hakutaka kuvuka kizingiti.

"Mama, hiki ni kitanda."

"Kitanda kina mvungu. Hiki mvungu wake uko wapi?"

Kabla ya saa sita waliingia kina mama wa chama cha kuzikana, sita, wakiongozwa na mwenyekiti wao, Mama Seipati, mjane wa mchimbaji. Viatu viliachwa mlangoni. Mmoja alikigeuza kioo kikatazama ukuta. Mwingine alichota majivu jikoni, akaanza kuyapaka kwenye vioo vya dirisha, na mwanga chumbani ukawa wa kijivu. Viti vilitolewa nje. Keneuwe alitangulia huku na huku akiwaambia kwamba hakuna aliyekufa, hakuna habari yoyote iliyokuja, godoro amelinunua tu.

"Ndiyo, mwanangu," Mama Seipati alimwambia. "Siku ya kwanza na mimi nilisema hivyo."

Alitoa risiti, wakaisoma kwa zamu, wakaikunja vizuri, wakamrudishia. Utapigana vipi na watu wanaokuonea huruma? Kila alivyozidi kukana ndivyo alivyozidi kufanana na mfiwa. Miguu ilikuwa imechoka na mzigo, na kiti hakikuwepo. Keneuwe akakaa juu ya godoro.

Chumba kizima kikashusha pumzi. Blanketi likamfika mabegani kabla hajajua nani ameliweka, na wimbo ukaanza, ule wa kumsindikiza mtu ng'ambo ya mto. Bibi Dikeledi alikuwa mlangoni akilia bila sauti. Keneuwe akaogopa kweli, kwa sababu kwa kitambo kidogo alisahau kwamba mumewe hajafa.

Alilala kifudifudi ili asiwaone. Sponji ilikuwa nyembamba; shavu lake lilizihisi chaga, na chini ya chaga sakafu. Hapo akasikia.

Kitu kiligonga, mara tatu. Kikanyamaza. Kikagonga mara mbili.

Alidhani ni moyo wake. Akashika kifua, moyo ulikuwa unakwenda mbio, haulingani kabisa na kile kilichokuwa chini. Tatu. Kimya. Mbili. Kilitulia, hakikuwa na haraka, kama mtu aliyefanya kazi hiyo siku nyingi.

"Nyamazeni," alisema. Walizidi kuimba. Ndipo akamshika Mama Seipati mkono, akamvuta chini kwa nguvu hata yule mama mzima akapiga goti.

Mama Seipati aliweka sikio. Mkono wake mwingine ukapanda juu, na wimbo ukakatika katikati ya neno. Mmoja baada ya mwingine kina mama walilala, wengine juu ya godoro, wengine sakafuni, vitambaa vya kichwa vimesukumwa nyuma ili masikio yawe wazi. Hata Bibi Dikeledi aliingia, akajilaza polepole, mifupa ikimlia. Mtu angechungulia angeona chumba cha maiti.

"Shimo lina kilomita mbili kwenda chini," mwanamke mmoja alinong'ona. "Sauti haiwezi kupanda mpaka huku."

"Basi hiki ni nini?" Keneuwe aliuliza.

Mama Seipati alisikiliza kuliko wote. Alipoinua uso, upande mmoja ulikuwa na alama za chaga.

"Wangu walimtoa nyuma ya mwamba baada ya siku tisa," alisema. "Walituambia alikufa papo hapo. Nami nilikuwa na kitanda kirefu, juu ya matofali manne manne, mbali na sakafu."

Walikuwa bado chini wakati Bwana Phakisi, karani wa kata, alipobisha. Alikuwa amesikia kwamba hapa kuna msiba, na alikuja upesi, jambo ambalo ofisi ile haijawahi kulifanya kwa bomba lililopasuka. Alitoa pole. Kisha akafungua faili lake na kueleza kwamba shimo namba nne litazibwa kwa zege siku ya Jumatatu, kwa usalama wa umma. Polisi wamethibitisha kwamba chini hakuna mtu hai. Kilichobaki ni saini za familia. Atakayesaini atapata jeneza, mfuko wa unga, na mafuta ya kupikia lita mbili.

"Jeneza la kumweka nani," Bibi Dikeledi aliuliza kutoka sakafuni, "kama mnamzika kwa zege?"

Bwana Phakisi alisema hayo yako juu ya cheo chake, yeye amepewa fomu tu.

"Njoo usikie," Keneuwe alimwambia.

Karani alitazama godoro, akatazama suruali yake. Alisema mila haimruhusu mwanamume kukaa juu ya godoro la msiba.

"Hakuna msiba hapa," Mama Seipati alisema. "Na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inama, baba."

Kina mama walisogea, wakamwachia nafasi. Hakuna aliyemlazimisha, ila pia hakuna aliyeondoka mlangoni. Bwana Phakisi aliweka faili chini, akapiga magoti, akaweka sikio. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko mtu asiyesikia kitu. Alipoinuka alikuwa amepoteza rangi ya midomo, na alijipangusa magoti kwa uangalifu mkubwa, kwanza moja, kisha lingine.

"Ni pampu za maji," alisema.

"Pampu zilizimwa mwaka jana," Mama Seipati alimjibu. "Ulitusomea barua mwenyewe."

"Mama, hata kama." Sauti yake ilikuwa imeshuka. Aliifungua fomu, akaitazama juu mpaka chini, akaigeuza nyuma, na kwa mara ya kwanza alizungumza kama mtu wa mtaani. "Hapa hakuna mahali pa kuandika hilo. Wameweka jina, namba ya kitambulisho, uhusiano na marehemu. Nitaliandika wapi?"

"Andika pembeni."

"Pembeni hawasomi."

Alimnyooshea Keneuwe kalamu. Keneuwe aliiacha mkononi mwake. Karani alingoja kidogo, kisha akaandika mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa na desturi ya kutamka anachoandika, wote walisikia: mke amekataa kusaini kwa sababu ya uchungu wa kufiwa. Akafunga faili, akavaa viatu, akaondoka bila kuaga.

Keneuwe alisimama, akalishika godoro kwa ncha mbili, akaliegemeza ukutani. Aling'oa zile chaga zilizopasuka, akaingia katikati ya kiunzi kama mtu aliyeingia kwenye mtumbwi. Bibi Dikeledi alimletea nyundo ya makaa bila kuombwa. Keneuwe aligonga sakafu mara tatu, akanyamaza, akagonga mara mbili. Wakalala wote, masikio chini, kusikiliza kama watajibiwa.

Mlio uliokuja ulitoka barabarani. Lori la zege lilikuwa linapita kuelekea shimoni, na leo ilikuwa Jumamosi. Vioo vilivyopakwa majivu vilitetemeka, sakafu ikanguruma, na chini ya ngurumo ile mtu asingeweza kusikia hata jina lake. Nyuma yake lilifuata la pili, na la tatu.

Kati ya lori na lori palikuwa na nafasi ndogo. Keneuwe alingoja lipite, akagonga tena.