Paneli Iliyovalishwa Kitambaa

Aliyeanza kucheka ni mwalimu mwenyewe, na hilo ndilo lililomchoma baadaye.

Mtaani walimwita Mwalimu wa Sola. Kila Jumamosi aliwafundisha watu kwenye ukumbi wa ushirika: jinsi jua linavyogeuka umeme, na kwa nini taa ya sola haiwakohozi watoto kama kibatari. Siku hiyo mama mkwe wake, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Sindano, alisimama akatengeneza mtandio wake.

"Mwanangu, hiyo betri mliyotupatia ni mgonjwa. Taa inazimika watu hawajamaliza hata kula."

"Paneli inapata jua, Mama?"

"Iko juu ya paa, si uvunguni! Nimeitunza kama yai. Nimeishonea kitambaa chenye lesi, vumbi hata lipige magoti halipiti."

"Na kitambaa unakitoa saa ngapi?"

"Jioni, jua likishatulia."

Hapo kicheko kikamponyoka mwalimu. "Mama! Umeivalisha shela! Sasa paneli si paneli tena, ni bibi harusi!"

Ukumbi ukapasuka. Mzee mmoja alicheka mpaka akashika mbavu. Bibi Sindano naye alicheka kidogo, akaketi, akaweka mikono mapajani, mmoja juu ya mwingine.

Watu walipotawanyika, msusi wa pale mtaani alibaki kusaidia kupanga mabenchi.

"Mwalimu, nikikwambia hutanichukia?"

"Sema tu, dada."

"Mama hakulitoa jambo hilo kichwani mwake. Ulisema wewe, siku ile ya kwanza. 'Vumbi ni adui wa paneli, ifunikeni.' Mimi yangu nimeifunika kwa khanga. Tuko wengi. Tulikuwa tunangoja mmoja aulize, ndiyo mama akajitoa mhanga. Baada ya kicheko kile, nani atafungua mdomo? Jirani yangu amesharudia mafuta ya taa. Anasema sola ni ya wasomi."

Mwalimu alisimama na benchi mkononi. Ni kweli alisema. Alikuwa na maana ya paneli zilizokuwa bado stoo, zikingoja mafundi, lakini hakuwaeleza hivyo. Na siku ile Bibi Sindano alikuwa ameketi benchi la mbele kabisa, akiitikia kwa kichwa kila neno. Leo angeweza kumjibu, "Si ulisema wewe?" Akalimeza. Alimsitiri mkwewe mbele ya watu, ingawa mkwewe huyo alikuwa amemvua nguo mbele ya watu hao hao.

Akaenda moja kwa moja nyumbani kwa mama mkwe wake. Cherehani ilikuwa ikilia.

"Karibu, mwalimu," alisema Bibi Sindano.

Hakusema mwanangu. Alisema mwalimu.

"Mama, nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini? Umechekesha watu, watu wamecheka."

"Mimi ndiye niliyesema zifunikwe."

"Najua."

"Mbona hukunisuta?"

Bibi Sindano alikata uzi kwa meno. "Wakikucheka wewe, nani atakusikiliza? Mimi mtu mzima, nitacheka nao yaishe." Akatunga uzi mpya sindanoni. "Ila iliniuma. Nisikufiche."

Mwalimu akauliza, "Jumamosi utakuja?"

"Miguu inanisumbua."

Wote wawili walijua kuwa miguu ni mizima. Hata hivyo mama akamwekea chai, akamtolea kiti chenye mto.

Jumamosi ilipofika mabenchi mengi yalikuwa wazi. Mwalimu hakugusa ubao.

"Wiki iliyopita nilimcheka mama mkwe wangu," alisema. "Hakukosea. Alifuata nilichowafundisha. Nilifundisha vibaya, kisha nikamcheka aliyenisikiliza. Paneli ikishapanda juu ya paa haifunikwi. Ifuteni vumbi asubuhi, basi. Nani mwingine alifunika?"

Msusi akanyoosha mkono. Akafuata mzee yule aliyeshika mbavu, uso ameuelekeza sakafuni.

"Mimi ya kwangu niliivika gunia," alisema. "Na nilicheka kuliko wote."

Hakuna aliyecheka. Mikono ikaongezeka, na baada ya mikono yakaja maswali, hata yule jirani wa mafuta ya taa akauliza lake. Msusi alizipeleka habari hizo kwa Bibi Sindano siku hiyo hiyo, lakini Jumamosi iliyofuata Bibi hakuja, na mwalimu hakumtumia mtu kumwita.

Alikuja siku aliyotaka mwenyewe, wakati somo limeshaanza, akaketi nyuma karibu na mlango. Katikati ya somo akanyoosha mkono, si juu sana.

"Siku za mawingu mtu afanyeje, mwanangu?"

Mwalimu alimjibu taratibu, neno kwa neno, lakini macho yake alishindwa kuyainua.