Kipande cha Sakafu Kilichokaa Upande

Fundi marumaru huyu walimwita Pembe, maana pembe iliyokwenda upande ilimnyima usingizi. Hata harusini kwa binti yake alikagua sakafu kwanza, bwana harusi baadaye. Lakini asubuhi hiyo aliingia kanisani na futi mkononi na ubaya moyoni. Mdogo wake aliuawa kwenye zile ghasia za vijana wa msikiti na wa kanisa, maiti ikakutwa mbele ya mlango huu huu, imefunikwa shuka. Vijana wa msikitini walikuwa wakingoja neno lake.

"Wewe ndiye mwenye damu, kisasi ni chako," walikuwa wamemwambia. "Kanisa linatafuta fundi wa sakafu. Ingia, tazama milango na makufuli. Jioni tuambie."

Mama mfagiaji, mzee mwenye kitambaa kichwani na ulimi usio na kufuli, ndiye aliyempokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Weka marumaru kote, ila pale usiguse."

Pale palikuwa katikati: kipande cha saruji tupu, urefu wa mtu aliyelala, kimezungushiwa chaki. Kilikaa mshazari, hakikufuata ukuta wala madhabahu. Pembe aliumwa na jino kwa kukitazama tu.

"Mama, hiki kitanitoa roho! Nitakata kila marumaru inayokizunguka. Nani alipima, mlevi?"

"Nilipima mimi," akajibu mama, "na sinywi."

Akaegemea ufagio wake. Siku ya ghasia, alisema, kijana wa Kiislamu alikimbilia humu, kichwa kimepasuka. Yeye na wanawake wenzake wakafunga mlango. Nje walibaki vijana wa kanisa na mawe mikononi, wakiimba nyimbo alizowafundisha mwenyewe walipokuwa wadogo.

"Na ugomvi ulianzia wapi? Kwenye kituo cha basi, wakigombea zamu ya kupakia abiria. Walipochoka kutukanana ndipo wakakumbuka kwamba wana dini."

"Kwa hiyo dini haina kosa?" Pembe aliuliza kwa uchungu.

"Inalo. Moto haikuuwasha, lakini petroli ilitoka mimbarini. Kwetu na kwenu."

Pembe alikunjua futi yake. Hakumwambia yeye ni nani.

"Kijana yule alipoona anakata roho," mama akaendelea, "akawa ananyoosha kidole, pale, pale. Sikumwelewa. Halafu nikakumbuka jirani yangu Mwislamu, ukuta kwa ukuta, alivyomlaza mama yake siku ya mwisho na kumtamkisha. Nikamgeuza kijana wa watu upande aliouonyesha. Nikaanza kumtamkisha shahada, nikakosea. Akanisahihisha! Damu yote ile, mwanangu, na bado ananisahihisha. Nilipopatia, akaifuata mpaka mwisho, akatulia. Nikazungusha chaki pale alipolala, tukamfunika shuka na kumtoa mlangoni; kuosha tuliwaachia wenyewe, hatukutaka kuwakosea."

Pembe akacheka, na kicheko kikamgeukia kilio. Ndiye huyo mdogo wake, aliyewahi kumsahihisha shekhe mbele ya watu akachapwa na baba. Hapakuwa na mwingine.

Akatoa kamba yake, akapiga magoti na kuinyoosha juu ya chaki. Ilielekea pale pale anapoelekeza uso wake kila swala. Maisha yake yote alipima kwa kamba, na hakuwahi kuona mstari ulionyooka namna ile. Hofu ilimshika, si ya watu, hofu ya mtu aliyejikuta amesimama karibu mno na Mungu, tena katika nyumba aliyokuja kuipeleleza. Akavua viatu bila kuambiwa.

"Alikuwa mdogo wangu," akasema.

Mama aliangusha ufagio, akamshika kichwa kwa mikono miwili kama mtoto.

Jioni vijana walikuwa wamejaa barazani kwake. Mmoja wao alikuwa na dumu la petroli miguuni. Pembe akawasimulia yote, kamba ikiwa bado mkononi.

"Sawa, tumesikia," akasema mwenye dumu, sauti yake imepungua. "Lakini milango, mzee? Milango ni mingapi?"

"Sikuitazama," akasema Pembe. "Nilikuwa naonyeshwa kibla."