Nyatiti Isiguse Dashibodi

Leseni nilikuwa nayo. Hilo lieleweke kabla hamjaanza kunicheka. Mwaka wa 1958 afisa mmoja alinizungusha mjini Nakuru, ambako barabara imelala kama mkeka. Nikapinda kulia, nikapinda kushoto, nikasimama aliponiambia nisimame, naye akapiga mhuri. Niliporudi Molo nikimpungia Mzee Thuo leseni yangu mpya, aliitazama juu na chini, akanirudishia.

"Hii ni ya Nakuru," akasema. "Hapa kuna milima."

Hiram Thuo alikuwa dereva wa zahanati ya misheni, nami, Akoth binti Omolo, nilikuwa mkunga msaidizi hapo hapo. Alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya sufi asiyoivua ila kanisani, na pasi ya kutembea ya siku zile za Hali ya Hatari, ambayo aliitunza kuliko meno yake. Alikuwa amekwisha kumwambia Sista mkuu kwamba mwaka ukiisha anaacha usukani akalime viazi. Sista hakuwa hata amemaliza kusikitika nilipojitokeza mimi.

Sababu yangu ilikuwa Jepkorir. Msimu wa mvua uliopita Thuo alishikwa na homa, gari likalala, na Jepkorir akashikwa na uchungu huko juu kwenye shamba la Mzungu. Nilikwenda kwa miguu. Matope ya Molo yanajulikana: unatoa mguu, kiatu kinabaki. Nilipofika nimeloa chapachapa, Jepkorir mwenyewe ndiye aliyenifungulia mlango, mtoto yuko mkononi.

"Karibu, nasi," akaniambia, kama wote huko walivyomwita nesi. "Kaa hapa kwa moto nikupikie chai."

Niliinywa ile chai. Ilikuwa tamu, na kila funda niliona haya. Mara hiyo Mungu alifanya kazi yangu, lakini sikutaka kumzoesha.

Sista alikubali kwa sharti moja. Kwa kuwa sijaolewa, baba yangu aje aseme kwa mdomo wake kwamba ameniruhusu kuendesha gari milimani. Akikataa, Sista angeleta dereva kutoka mjini, nami ningerudi kufua bendeji.

Kabla ya kumkabili Baba, ilibidi kwanza niijue hiyo milima. Thuo akaanza kunifundisha. Land Rover yetu ilikuwa kuukuu, na gia yake ya pili haikupenda haraka. Ukiwa unateremka na gia ya tatu na unataka ya pili, sharti ukanyage breki, gari lisikukimbie. Wakati huo huo sharti uguse mafuta kidogo, injini ipande, ndipo gia iingie bila kusaga na bila gari kuruka. Mguu wa kushoto uko kwenye klachi. Umebaki na wa kulia peke yake.

"Mguu moja, kazi mbili," Thuo alisema. "Vidole vinakaa kwa breki. Kisigino inaenda kwa mafuta, inagusa, inarudi. Vidole visitoke."

"Mguu wangu si wa mpira, Mzee Thuo."

"Toa hivyo viatu ya nasi, kwanza. Utasikiaje breki na ngozi ya ng'ombe mzima iko katikati?"

Nikavua. Chuma cha breki kilikuwa baridi. Tukateremka kilima cha kwanza, nikapeleka kisigino kwenye mafuta, na vidole navyo vikafuata kama kondoo. Breki ikaachia, injini ikanguruma, gari likaruka kama mbuzi aliyeumwa na nyuki. Kilima cha pili nikakumbuka vidole, nikavikaza sana, gari likasimama ghafla na Thuo akaenda kukibusu kioo. Kofia yake ndiyo iliyomwokoa.

"Ngai! Unataka kuniua kabla sijaona viazi yangu?"

Mimi nina hasira za karibu, siwezi kuficha. Nilimwambia akafundishe punda. Nikashuka, nikavaa viatu, nikaenda zangu. Nilipofika kwenye kona nikaikumbuka chai ya Jepkorir, nikageuka. Thuo hakuwa amesogea. Alikuwa ametoa kiazi cha kuchoma mfukoni na anakimenya kwa utulivu.

"Umemaliza kukasirika?"

"Bado."

"Basi kasirika ukiendesha."

Tulizunguka siku nyingi, na mguu wangu haukusikia la mtu. Nikiwaza vidole, kisigino kinalala. Nikiwaza kisigino, vidole vinatoroka. Msiniulize kuhusu gia ya pili. Ilisaga mpaka watoto wa shule walikuwa wakituigiza tukipita. Nilianza kuogopa kwamba Thuo amesema kweli, kwamba mimi ni dereva wa Nakuru tu.

Jumapili moja nikaenda nyumbani Nakuru, kwenye landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, ambako Baba alikuwa fundi wa injini za treni. Baba alikuwa na mapenzi mawili baada ya Mungu: treni, na nyatiti yake, lile zeze la nyuzi nane la kwetu Wajaluo. Magari aliyadharau kabisa. Siku hiyo alikaa kwenye kigoda chake, nyatiti ubavuni, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Vidole vya mikono vinacharaza nyuzi, mdomo unaimba, na mguu unapiga ile pete kwenye ubao wa nyatiti, kng, kng, kng, kama mtu mwingine amekaa pale chini.

Nimeuona mguu ule tangu nazaliwa, lakini siku ile ndipo nilipoutazama. Kisigino cha Baba kilikuwa kimekita sakafuni, hakiendi popote. Kidole peke yake ndicho kilichoruka. Wala Baba hakuwa akiuwaza mguu wake hata kidogo. Alikuwa akiuwaza wimbo.

Nikavua kiatu chini ya meza. Baba amekita kisigino, anapiga kwa kidole. Mimi nikite kidole, nipige kwa kisigino. Nikaufuata wimbo wake, kisigino kikipanda na kushuka kwenye sementi, vidole vimetulia tuli. Nilitaka kucheka kwa furaha.

Nyatiti ikanyamaza.

"Akoth. Huo mguu unafanya nini?"

"Hakuna, Baba."

"Unajifunza nyatiti kwa siri?" Uso wake ulikuwa umebadilika. Kwetu nyatiti hupigwa na mwanamume. Msichana hukaa kando akasikiliza, na akiigusa wazee hawalali.

"Sipigi nyatiti, Baba. Napunguza gia."

Basi ikabidi nimwage yote: Thuo na viazi vyake, mlima, sharti la Sista. Baba alisikiliza huku akifuta nyuzi kwa kitambaa, na kadiri nilivyoendelea ndivyo alivyofuta kwa nguvu.

"Treni iko na reli," akasema mwisho. "Hiyo gari yako inashikwa na nini?"

"Inashikwa na mimi."

"Ndiyo maana naogopa."

Alilisema polepole, na hapo ndipo nilipoona kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu. Ningejua kubishana na hasira, hiyo tunafanana, lakini hofu ya Baba ilikuwa ngeni kwangu.

Akafikiri. Kisha akaniambia kwamba Jumamosi atapanda treni aje Molo, na kurudi Nakuru atarudi nami kwenye gari, mimi nikiendesha. Atapakata nyatiti magotini, shingo yake ikielekea mbele, upana wa kiganja tu kutoka kwenye dashibodi.

"Shimo nitajua ni shimo," akasema. "Lakini ukinirusha kwa gia au kwa breki, nyatiti igonge dashibodi, hapo hapo unashuka. Thuo ataendesha, na mimi nitamwambia Sista hapana."

"Na isipogusa?"

"Tufike kwanza."

Jumamosi hiyo Thuo alikaa nyuma katikati ya makreti matupu ya dawa. Alisema amekuja kama shahidi, lakini nilimwona akijifunga kwa kamba. Mbele tulikuwa wawili, Baba kwa koti lake la kanisani, na nyatiti mapajani kama mgonjwa tunayempeleka hospitali. Nikavua viatu. Baba akaitazama miguu yangu mitupu, akaitazama barabara, akashika kamba ya mlango.

Kilima cha kwanza nilikishuka nikiwa nimekakamaa. Breki, klachi, kisigino, gia. Gia ya pili ikasaga kidogo, nyatiti ikayumba. Jasho likanitoka, na huko Molo ni baridi ya kuvaa sweta mbili. Nikaona nafanya tena kosa langu lile lile, nauwaza mguu. Nikaanza kuimba moyoni ule wimbo wa Jumapili. Kilima cha pili kisigino kikaenda chenyewe, kikagusa, kikarudi, na gia ikaingia laini kama kijiko kwenye uji. Nyatiti haikutikisika. Baba akaiachia kamba ya mlango.

Kabla ya Elburgon kuna kona kali inayoshuka, na kwenye ile kona ng'ombe wa mzee mmoja, Kosgei, walikuwa wamejaa barabara nzima, na Kosgei mwenyewe yuko kando anawasha kiko. Nilisikia Thuo nyuma anaanza kusali kwa Kikuyu. Vidole vikakaza breki, kisigino kikagonga mafuta, gia ya pili ikaingia. Tena nikagonga, ya kwanza ikaingia. Shingo ya nyatiti ikainama mbele, polepole, mpaka nikaona nafasi ya kidole kimoja tu kati yake na dashibodi. Ikasimama hapo. Kisha ikarudi.

Kosgei alitupungia kiko. Ng'ombe mmoja akalamba taa ya gari.

"Endelea," Baba akasema.

Tulipopita Njoro nilimsikia akihangaika na kiatu. Akakivua, na soksi, akatoa ile pete ya chuma mfukoni na kuivaa kwenye kidole gumba. Kilima kilichofuata, nilipogonga mafuta kwa kisigino, Baba alipiga pete kwenye bati la sakafu, kng. Nilidhani ni bahati tu. Nikagonga tena mteremko uliofuata, naye akapiga tena, sawia. Kisha mikono yake ikaingia kwenye nyuzi na akaanza kupiga kweli kweli, ule wimbo wenyewe, akiinama juu ya nyatiti, mguu wake na wangu ikijibizana sakafuni. Sijawahi kuwa na furaha namna ile. Machozi yalinitoka na sikuwa na mkono wa kuyafuta.

Ndiyo maana sikuliona lango la reli.

Tulikuwa tunaingia Nakuru, na mlinzi alikuwa ameshusha kizuizi kwa ajili ya treni. Nilikuwa nasikiliza wimbo. Nikashtuka, nikakanyaga breki kwa mguu mzima, gia nikaisukuma bila kisigino, gari likaruka, na kichwa cha nyatiti kikagonga dashibodi, ko!

Nyuzi zikalia zote kwa pamoja.

"Imegusa!" Thuo akapiga kelele kutoka nyuma. Shahidi gani huyo.

Nilizima injini. Tumetoka Molo salama, tumepita ng'ombe wote wa Kosgei, halafu nyumbani kabisa, mahali tambarare. Nikashika mlango ili nishuke, maana maneno yalikuwa maneno.

"Unaenda wapi?" Baba akauliza.

"Imegonga, Baba."

"Imegonga nini? Mimi nilikuwa napiga." Akavuta uzi mmoja, akausikiliza, akaukaza kidogo. "Hii kitu ikipigwa hulia. Wewe Thuo umesikia tofauti?"

Nyuma Thuo akaivuta kofia yake mpaka masikioni.

"Mimi masikio yangu imejaa vumbi," Thuo akasema.

Treni ya kwenda Kisumu ikapita mbele yetu, behewa baada ya behewa, na Baba akaisindikiza kwa macho kama alivyozoea, mpaka la mwisho. Kizuizi kikainuliwa.

"Jumatatu niko na ruhusa," akasema. "Nitaenda Molo nimwambie Sista mimi mwenyewe."

"Utapanda treni ya asubuhi?"

Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Treni ya nini," akasema, "na mimi niko na dereva?"