Siku ya Kumi na Nne

"Andika hawapo," Daktari Fabiani alisema. Scolastica hakuandika.

Mwaka ule wa tisini na sita dawa mpya ya malaria ilikuwa inajaribiwa kwa watoto arobaini wa Kasokola. Siku ya kumi na nne kila mtoto alitobolewa kidole, ijulikane kama wadudu wameisha kwenye damu. Kazi ya kusoma slaidi, vile vioo vilivyopakwa damu yao, ilikuwa ya Scolastica. Watoto kumi na mmoja bado walikuwa na wadudu, na wenyewe wako nje wanafukuzana, hata joto hawana.

"Si unaona wanacheza? Wamepona hao."

"Daktari, nimeulizwa wapo au hawapo. Sikuulizwa kama wanacheza."

Jamani, kumjibu hivyo bosi aliyekuajiri juzi tu! Lakini Scolastica alikuwa amekasirika kweli. Ripoti ikisema dawa imemaliza wadudu, dawa hiyo hiyo ndiyo watakayopewa watoto wa dada yake kule Majimoto. Wadudu walionyamaza leo wakija kuamka, atalaumiwa nani?

Daktari akamwita Mzee Alois, fundi wa maabara aliyestaafu ila bado akipewa vibarua hapo, ndiye aliyemfundisha Scolastica kazi. Akampa slaidi moja ya wale kumi na mmoja kutoka sandukuni. Mzee akainamia hadubini kidogo, akasema bila kumtazama mtu, "Sioni kitu."

"Umesikia? Haya, andika."

Scolastica akaitoa ile slaidi, akaiinua dirishani. Kavu kabisa. Kwa lenzi ile, bila tone la mafuta juu ya kioo huoni cha maana, na aliyemfundisha hilo ni mzee huyu huyu. Roho ilimuuma kuliko kama angetukanwa.

"Mzee wangu, umesoma bila mafuta?"

Scolastica akadondosha tone moja, akairudisha slaidi mahali pake, akamsogezea kiti.

"Soma tena, baba. Ukisema hawapo, naandika hawapo, kwa mkono wangu."

Safari hii mzee alikaa muda mrefu jicho likiwa kwenye lenzi.

"Wapo," akasema. "Tena wengi."

Daktari akawaambia wote wawili wafungashe vyao, kesho asiwaone hapo. Scolastica akavuta daftari, akaandika "wapo" kwa wino, akatia sahihi. Mzee Alois akaichukua kalamu mkononi mwake, akasaini chini ya jina la Scolastica, kisha akaomba slaidi ya pili.