Kichwa cha Chinguile

Mgeni akija Mpapura na sukari mkononi, mimi huuliza kwanza anataka nini. Wakili Innocent alikuja na sukari, mchele na katoni ya juisi, akavua viatu kabla hajaambiwa, akamwamkia mjomba wangu kwa unyenyekevu mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wametupitia wengi hapa, wa kupima mashamba, wa kutupiga picha, wa kutuandika majina, na kila mmoja alikuwa na tabasamu kama la huyu.

Alisema ametoka Dar es Salaam. Yeye na wenzake wanawasaidia wananchi kupeleka madai kwa serikali ya Ujerumani, kwa mabaya yaliyotendwa enzi za ukoloni. Amesikia kuna kichwa cha mtu wa ukoo wetu kilichobebwa zamani zile, na sasa kiko ndani ya sanduku, kwenye jumba la makumbusho huko kwao.

"Umesikia kwa nani?" nikauliza.

"Sharifa," mjomba akanikanya, "ntu hajanywa hata maji."

Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshauegemea mkongojo wake, akimwinamia mgeni asikie vizuri. Kaburi la Chinguile liko nyuma ya mikorosho yetu, na ndani mna mwili usio na kichwa. Tumelizungushia mawe pande zote isipokuwa upande wa kichwani, ambao wazee waliuacha wazi mpaka kirudi. Mjomba alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, alifunge kaburi lile kabla hajafa.

Kwetu ukoo ni wa mama. Mkubwa wa ukoo akifa, jina lake haliachwi lianguke. Mtoto wa dada yake hulishika, na tangu siku hiyo yeye ndiye marehemu. Huwa mjomba wa ukoo mzima, hata kwa waliomzidi umri, na hasemi "marehemu alifanya", husema "nilifanya". Mjomba wangu alizaliwa Idrisa. Alishika jina la Chinguile kabla mimi sijaolewa, na tangu hapo aliyekuwa akimwita Idrisa ni nesi wa zahanati tu.

Basi wakili alipowasha simu ili amrekodi, akamwuliza dai lake ni nini, mjomba alijibu kama alivyozoea.

"Mimi ni Chinguile. Wajerumani walininyonga kwa kuwa niliwakataza watu wangu kulima pamba yao. Wakanikata kichwa, wakaondoka nacho. Nakitaka."

Innocent hakushangaa. Hilo nalo likanitia shaka, maana mtu asiyeshangaa ama anajua sana ama hasikilizi.

Kumbe hakuwa akisikiliza. Alirudi msimu wa korosho umekolea, sisi tumeinama tunaokota, na safari hii hakuleta sukari. Wajerumani walikuwa wamejibu. Walisema ombi lina walakini, kwani mdai anadai kichwa chake mwenyewe, naye yu hai. Ama mzee amechanganyikiwa, ama ukoo unafanya utapeli.

"Mzee, mlinidanganya?" akauliza.

"Nani kakudanganya?" nikamrukia. "Wakate watu vichwa wao, halafu matapeli tuwe sisi?"

Nikamweleza habari ya jina, nusu kwa ukali. Safari hii alisikiliza, akajifuta jasho.

"Nimeelewa, dada. Ila wao hawataelewa. Itabidi mzee aseme mbele ya kamera kwamba yeye ni Idrisa, na Chinguile amekufa. Sentensi mbili tu."

Sentensi mbili! Mtu hulibeba jina mpaka azikwe nalo. Akilikana kwa mdomo wake, limeanguka. Na likianguka lisipate wa kulishika, hakuna mwenye ruhusa ya kuligusa kaburi lile. Nikamvuta mjomba nyuma ya nyumba.

"Usikubali, mjomba. Kichwa walichukua kwa nguvu, sasa wanataka na jina, tena tuwape kwa hiari. Ukishasema, watasema Chinguile amekufa, hana madai."

"Huenda."

"Na hicho kichwa kikija, atakizika nani?"

Akageukia mikorosho, kaburi liliko. "Nimezeeka, Sharifa. Nisiposema, nnakwambia, hakiji kabisa. Waite watu."

Ukoo ulikusanyika kesho yake baada ya adhuhuri. Innocent aliegemeza simu yake kwenye kinu. Mjomba alivaa kanzu nyeupe, akakaa, akasema polepole:

"Mimi ni Idrisa, mtoto wa Fatuma. Chinguile amekufa."

Mama mdogo Mwanahawa akapiga yowe. Wanawake wakampokea, tukalia kilio cha msiba hasa, na huyo tunayemlilia amekaa mbele yetu anafuta macho kwa kofia. Innocent alitazama simu, akatutazama sisi. Nadhani alifikiri tunaigiza. Nilimchukia kwa hilo.

Bakuli la unga wa mtama likawekwa katikati. Anayeshika jina huchota unga ule akaupaka kwenye paji la uso. Macho yote yakaenda kwa kaka yangu Omari, mtoto wa kiume wa dada yake mjomba. Omari akatazama vidole vya miguu yake. Simlaumu sana, kwani akilishika, kesho naye ataitwa tapeli Ulaya. Vijana wengine wakasogea nyuma kimyakimya mpaka ukutani.

Mzee ametoa alichokuwa nacho, na hakuna wa kukipokea! Nikasimama.

"Mwanamke?" Omari akasema.

"Ukoo huu ni wa nani, Omari? Wa baba yako?"

Nikamgeukia wakili.

"Zima simu."

"Dada Sharifa, hii ingekuwa kumbukumbu nzuri..."

"Zima. Mlichokitaka mmeshapata."

Akazima, akanionyesha kioo cheusi. Niliichukua hata hivyo, nikaitia ndani ya debe la korosho nikalifunika.

Kisha nikapiga magoti, nikachota unga, nikaupaka. Nilikuwa naogopa, na sikuficha.

"Sijafa," nikasema. "Nipo. Kichwa changu kikija, nitakizika mwenyewe."

Nikasikia mkongojo unagonga chini, ukija upande wangu. Mjomba wangu, aliyenilea baba alipofariki, alisimama mbele yangu, akavua kofia, akainama.

"Shikamoo, mjomba," akasema.

Machozi yalinitoka kabla ya sauti.

"Marahaba, Idrisa."