Mluzi wa Kupepetea

Wallahi, asubuhi ile nilikwenda chooni mara nne. Nimevaa shati la gunia, kamba kiunoni, kofia ya sufu inaniwasha. Ndiyo kazi yangu hii tangu lifungwe ghala la Nechells, nilikokuwa nikibeba mizigo huku kwa Waingereza: kwenye makumbusho ya shamba, najifanya mkulima wa Kiingereza wa miaka mia saba nyuma. Machi nalima, Juni nakata majani ya ng'ombe, Agosti navuna, na sasa Oktoba tunapura ngano na kupepeta.

Mke wangu anajua, ananicheka tu. Lakini binti yetu Rukiya, wa miaka kumi, nilimwambia nafanya kazi ofisini, naye kawatangazia wenzake kuwa baba yake ni ofisa wa historia. Na leo linakuja darasa lake! Mie niliyakimbia mabonde ya mpunga kule Pemba nikiapa kuwa mwanangu hataniona na jembe.

Basi la shule lilipoingia nikajificha nyuma ya banda. Mwenzangu Jagdish, kijana wa chuo kikuu, akaanza kuwaonesha watoto kupepeta. Lo! Kauelekea upepo uso kwa uso. Makapi yakamrudia machoni, watoto wakacheka, ngano ikamwagika chini.

Mara ya kwanza nilivumilia. Ya pili ikanishinda. Chakula kimwagwe hivi hivi nami nipo? Nikatoka mbio, nikamnyang'anya ungo. "Hebu nipishe!" nikamwambia kwa Kiswahili, sijui hata kwa nini. Nikaupa upepo ubavu, nikarusha, nikapokea. Na bila kukusudia nikapiga mluzi, kama marehemu baba alivyokuwa akiuita upepo, kama nifanyavyo jikoni kwangu nikipepeta mchele.

"Dad?"

Nikaushusha ungo. Rukiya alikuwa mstari wa mbele kabisa. Aibu ikanipanda hadi masikioni, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwalimu wake akapiga makofi. "Hodari huyu! Anajua kweli kujifanya mkulima."

Rukiya akamkata jicho. Akachutama, akaokota punje zilizomwagika, akazitia ungoni mwangu.

"Hajifanyi, miss," akasema kwa Kiingereza chake. Kisha akanigeukia, yeye ambaye Kiswahili hukisikia tu asikijibu. "Baba, piga mluzi tena."

Nikajaribu. Mluzi ukakataa kutoka, nikarusha ngano hivyo hivyo.